Vitabu Nilivyovisoma Karibuni na Vinavyonisubiri: Uzoefu Wangu

Kati ya vitabu vyote nilivyovisoma miezi hii, kilichonikaa moyoni zaidi ni Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Aliyeitafsiri ni Ida Hadjivayanis, na Mkuki na Nyota waliichapisha mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anachukuliwa na tajiri Aziz, mtu anayemhesabu kuwa ami yake na ambaye kila akifika nyumbani kwao humpa sarafu ya anna kumi, fedha ya zamani. Hakuna anayemwambia kwamba baba yake anadaiwa na kwamba rehani ya deni hilo ni yeye mwenyewe. Anayekuja kumfumbua macho ni Khalil, rehani mwenzake anayehudumu katika duka la tajiri huyo, ambaye anamkataza katakata kumwita Aziz ami na kumtaka amwite Seyyid, yaani bwana. Hapo nilikisimamisha kitabu, nikarudi kurasa kadhaa nyuma kuisoma upya ile sarafu, kwa sababu ukarimu ulioonekana mwanzoni sasa ulikuwa na sura nyingine kabisa. Safari ya msafara kwenda bara ni ndefu, na msomaji aliyezoea visa vya haraka huenda akaona inakawia, lakini mimi naiona kuwa ndiyo uti wa mgongo wa riwaya: huko ndiko tunakoona jinsi biashara ya pwani ilivyokuwa ikifikia ukingoni huku Wajerumani wakizidi kujiimarisha. Kwa mtu wa pwani, kuwasikia wahusika hawa wakizungumza Kiswahili ni furaha ambayo kitabu cha Kiingereza hakiwezi kuitoa.

Baada ya Yusuf nilimrudia Yasmin wa Vuta N'kuvute, riwaya ya Adam Shafi iliyochapishwa mwaka 1999, na sikuchagua hivyo kwa bahati. Yasmin naye ametolewa na wazazi wake angali binti mdogo, akaozwa Bwana Raza ambaye kwa umri angeweza kuwa babu yake. Tofauti ni kwamba Yasmin anakataa. Anaondoka, anatengwa na jamaa zake, anapokewa na Mwajuma huko Ng'ambo, mtaa wa mjini Zanzibar, na kupitia kwake anakutana na Denge, kijana anayepigania uhuru wa Zanzibar chini ya pua ya polisi wa mkoloni. Mazungumzo ya Adam Shafi yana kasi na ladha ya mtaani, na Mwajuma, kwa maoni yangu, ndiye mhusika aliyechorwa vizuri kuliko wote, ingawa wahakiki wengi humshughulikia Denge zaidi. Nawasihi wasomaji wenzangu wanunue nakala halali. Ile niliyouziwa na muuza vitabu wa barabarani ilikuwa imerudufiwa, kurasa zikiwa zimefifia pambizoni hata baadhi ya maneno hayasomeki.

Katikati ya riwaya hizo mbili niliweka ushairi, yaani Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, iliyotoka mwaka 1973. Mshairi huyu wa Mombasa alifungwa tangu 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake ulioiuliza Kenya inakokwenda, na mashairi haya aliyatunga akiwa kifungoni, akiyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Yamo pia mabishano kati ya Badi na Alii wanaougombea mnazi mmoja, nayo yanaitwa Mnazi: Vuta N'kuvute, kwa hiyo ukisoma diwani hii karibu na riwaya ya Adam Shafi utasikia vitabu viwili vikiitikiana. Lahaja ni Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, na asiyeizoea atalazimika kusoma polepole na kwa sauti. Asome hivyo hivyo, maana vina na mizani vinamsaidia kufika palipo maana.

Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, ya mwaka 1960, niliimaliza upesi. Mpelelezi Bwana Msa na kiko chake bado anapendeza, na namna anavyopinga dhana kwamba mizimu ndiyo iliyoua ingali na nguvu, japo mwisho wa kisa una maelezo mengi kuliko ninavyopenda.

Sasa natazama mbele. Nagona ya Euphrase Kezilahabi iko mezani. Ni nyembamba, lakini sifa yake ya ugumu inajulikana, nami nitaipa muda wa kutosha pasipo kuichanganya na kitabu kingine. Itafuatiwa na Mungu Hakopeshwi ya Zainab Alwi Baharoon, iliyoshinda tuzo ya Mabati-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, kwani nataka kusikia mwandishi mwanamke akiingia ndani ya nyumba ambazo wanaume wameziandika sana. Ninachokisubiri kwa hamu kuu kuliko vyote ni Theft, riwaya ya Gurnah ya mwaka 2025, ya kwanza tangu apewe Nobel. Humo yumo Badar, kijana maskini anayepelekwa kutumika katika nyumba ya watu na baadaye kushutumiwa wizi, na baada ya kumfuata Yusuf hadi ukurasa wa mwisho nataka kujua Gurnah, miaka 31 baadaye, anampa kijana wa namna hiyo njia gani ya kutokea. Nitaisoma kwa Kiingereza kwa sasa, lakini ningependa sana Hadjivayanis aishike hii pia.