Mbale baada ya mafuriko ya Julai 2022: tathmini ya huduma za uokoaji na urejeshaji

Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 31 Julai 2022, mvua kubwa iliyonyesha upande wa Mlima Elgon, mashariki mwa Uganda, iliijaza mito ya Nabuyonga, Namatala na Manafwa hadi ikavunja kingo zake, na Mbale, iliyokuwa imetimiza miaka miwili tu tangu ipandishwe hadhi kuwa jiji, ikaamkia matope, magari yaliyosombwa na maiti. Waliokufa walizidi 20, maelfu walibaki bila makazi, na watu wapatao 400,000 walikosa maji safi baada ya miundombinu ya maji kuharibiwa. Uganda haina bahari ya kutuletea vimbunga, lakini mlima wetu unatosha kutufanyia yale ambayo miji ya pwani hufanyiwa na dhoruba. Ninaandika kama mkazi aliyezitumia huduma zilizotolewa baada ya siku hiyo, na maoni yangu ni kwamba tuliokolewa vizuri kuliko tulivyosaidiwa kuanza upya.

Uokoaji ninaupa alama saba kati ya kumi. Waliotangulia walikuwa majirani na vijana wa bodaboda, ambao walijua nani analala nyumba ipi na wakaanza kugonga milango kabla ya gari lolote la serikali kufika. Baadaye walikuja watu wa Msalaba Mwekundu, polisi na wanajeshi, na kazi ya kutafuta miili mtoni ikafanywa kwa heshima inayostahili kutajwa. Maelekezo mengi yalitolewa kwa Kiswahili, lugha ambayo askari wetu wameizoea, na katika mji wenye Wagisu, Wateso, Wagwere, Wakaramoja na wageni wengi wa sokoni, jambo hilo lilituokolea muda. Alama tatu ninazozikata ni za tahadhari. Mto unaoshuka kutoka mlimani hauwapi watu wa bondeni nafasi ya kufikiri, na utabiri wa msimu unaosema mvua zitazidi wastani haumwamshi mtu usiku wa manane. Kilichohitajika ni mtu wa kijiji cha juu mwenye simu na namba ya kupiga, pamoja na kengele au kipaza sauti huku chini.

Huduma ya maji ndiyo iliyonigusa zaidi. Mabomba yakiwa yamekauka, foleni za jerikeni zilianza kabla ya alfajiri mahali ambapo gari la maji lilitarajiwa, na wachuuzi wa baiskeli wakapandisha bei bila aibu. Waliokosa nafasi kwenye foleni walirudi kwenye chemchemi na visima, na hapo ndipo palipokuwa na hatari kubwa kuliko mafuriko yenyewe, kwa sababu vyoo vya shimo vilikuwa vimefurika na kumwaga uchafu wake katika maji yaleyale. Mhudumu mmoja kijana alikuja na vidonge vya kutibu maji, na badala ya kuvigawa tu na kwenda zake, alifunga kitambaa safi kwenye mdomo wa jerikeni ya lita 20, akachuja maji yenye tope polepole, akatumbukiza kidonge, akaifunga, akaitikisa, kisha akatukataza kuyagusa maji hayo kwa nusu saa. Alimwomba mama mmoja mzee arudie hatua zote mbele yetu, na alipokosea alimwambia kwa upole, "Jaja, chuja kwanza, kidonge baadaye." Sijaona elimu ya afya iliyotolewa vizuri kuliko ile, na ningependa kila atakayetumwa kwenye maafa afundishwe kufanya hivyo.

Ugawaji wa misaada ulikuwa na kasoro ambayo bado inaniuma. Katika mtaa wetu, walioandikisha waathirika walihesabu nyumba, wakaandika majina ya wenye nyumba, ilhali jengo moja lenye vyumba sita vya kupanga lina familia sita zenye vyungu sita na magodoro yaliyolowa sita. Mwenye nyumba, ambaye mara nyingi hata haishi hapo, alijikuta kwenye orodha, na mpangaji aliyepoteza kila kitu akaambiwa kwamba nyumba yake tayari imeandikwa. Unga wa posho, yaani wa mahindi, na maharagwe yaliyokuja yalikuwa mazuri, blanketi pia, lakini chakula kizuri kilichogawiwa kwa orodha mbaya hakimfikii mwenye njaa.

Urejeshaji ninaupa alama tatu. Maji yalirudi na barabara zikapitika, ila kando ya mto watu wamejenga tena palepale, tena kwa matofali mabichi ambayo huyeyuka yakilowa. Kanuni za mwaka 2000 kuhusu kingo za mito zinataka mita 30 ziachwe wazi hata kwa mito midogo, lakini kanuni hiyo humwambia mtu aondoke bila kumwambia aende wapi, na anayelipa kodi ya chumba cha bei nafuu karibu na soko hawezi kuhamia mbali na riziki yake. Jirani zetu wa wilaya ya Bududa, huko mlimani, walijifunza hayo kwa uchungu. Baada ya maporomoko ya ardhi ya Machi 2010 baadhi yao walihamishiwa wilaya ya Kiryandongo, mbali sana na mashamba na makaburi ya wazee wao. Waliopelekwa Bunambutye miaka ya baadaye angalau walibaki karibu na mlima wao. Katiba yetu, katika ibara ya 249, inataka iwepo tume ya kujiandaa na kukabiliana na maafa, na hadi mito yetu ilipofurika tume hiyo haikuwa imeundwa.

Kwa mpangaji anayeishi karibu na Nabuyonga au Namatala: dai risiti ya kodi yenye jina lako, hakikisha mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, ameiandika familia yako peke yake katika daftari lake, si chini ya jina la mwenye nyumba, na weka nakala ya kitambulisho chako kwa ndugu anayeishi mahali pa mwinuko. Orodha ya msaada ikianza kuandikwa, hivyo ndivyo vitakavyoulizwa.