Nyama ya Msalato na Mvinyo wa Makutupora: Tathmini ya Meza ya Dodoma

Mbuzi aliyekulia nyika ya jirani na mvinyo wa zabibu zilizovunwa kando ya barabara hiyo hiyo aliyopitishwa kwenda mnadani ni vitu ambavyo Dodoma inaweza kuviweka kwenye meza moja, na sijui mji mwingine wa Tanzania unaoweza kufanya hivyo. Hata hivyo, kwa miaka mingi niliyokula na kunywa katika mji huu, ni mara chache sana nimeviona vikiandaliwa pamoja na mtu aliyekusudia viende pamoja. Wachomaji hodari wa nyama huuza soda na bia, na hoteli zenye glasi safi na vitambaa mezani huweka mbele mvinyo wa Afrika Kusini pamoja na kuku wa kukaanga ambaye angeliwa vilevile Mwanza au Tanga. Tangu serikali ianze kuhamia hapa kwa kasi mwaka 2016, na hasa tangu treni ya SGR ianze safari zake kutoka Dar es Salaam mwaka 2024, wageni wanaouliza wale nini na wanywe nini wamekuwa wengi, na wanastahili kupewa jibu linalotokana na ardhi hii.

Naanza na nyama, kwa kuwa ndiyo iliyo tayari zaidi. Mnada wa Msalato, ulio kaskazini mwa jiji kwenye barabara kuu iendayo Kondoa na Arusha, hufanyika siku ya Jumamosi, na ndipo mahali ninapompeleka mgeni kabla ya mgahawa wowote. Ng'ombe na mbuzi huuzwa wakiwa hai upande mmoja, nguo na vyombo upande mwingine, na moshi wa mabanda ya kuchomea humwongoza mtu bila kuhitaji kuuliza njia. Utaratibu wake ni wa haki: mteja huchagua pande analolitaka lingali mbichi, linapimwa kwenye mizani mbele yake, bei ya kilo inatajwa, kisha nyama inakwenda kwenye wavu ikiwa imepakwa chumvi tu. Mchomaji ninayemwendea ni mzee mwenye subira, ambaye hukaa upande wa moto usio na upepo. Nikishamwamkia kwa "Mbukwa, mzee" naye akaitikia, humuuliza mbuzi kachinjwa saa ngapi. "Asubuhi hii hii, mwanangu. Shika mwenyewe uone," hujibu, huku akinisogezea paja lililoning'inia ili nilibonyeze kwa kidole. Nyama ya siku hiyo hurudi mahali pake mara moja baada ya kubonyezwa, na uso wake huwa umekauka kidogo bila kuteleza.

Mbavu ndizo ninazozipendekeza kwanza, kwa sababu mafuta yake huyeyuka polepole juu ya makaa na kuilainisha nyama kutoka ndani, jambo ambalo paja haliwezi kulipata isipokuwa lichomwe na mtu mwenye uzoefu mkubwa. Mbuzi wa hapa hutembea mchana kutwa akitafuta majani ya miiba, hivyo nyama yake ni ngumu kidogo kuliko ya mbuzi wa kufungiwa zizini, lakini ladha yake ni nzito na haihitaji kiungo chochote zaidi ya chumvi, pilipili mbuzi na ndimu. Anayeiharakisha hupata nyama iliyoungua nje na kugoma ndani. Mpe mchomaji muda wake, unywe supu wakati unasubiri, na ukatae kwa heshima ukiona unaletewa pande lililochomwa mapema na kupashwa moto upya, maana pande hilo huwa limekwisha kupoteza mafuta yake yote.

Upungufu wa mnada unaonekana kwa macho. Vivuli ni vichache, vumbi huwa kali kuanzia Julai upepo unapoanza, na vibao vya kukatia nyama havioshwi mara nyingi kadiri inavyopasa. Mimi huomba kibao kimwagiwe maji ya moto kabla ya kukatiwa, na ombi hilo hupokelewa vizuri. Nawe beba maji yako ya kunawa, kwa kuwa ndoo ya banda hutumiwa na watu wengi.

Ukiendelea na barabara hiyo kuelekea kaskazini utafika Makutupora, na hapo ndipo habari ya mvinyo inapoanzia. Eneo hilo lina kituo cha TARI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, kinachoshughulikia zabibu, na jina lake limepewa aina ya zabibu nyekundu ambayo wakulima wengi wa Dodoma wanaitegemea. Mashamba mengine makubwa yako Hombolo, Mpunguzi, Bihawana, ambako wamisionari Wakatoliki walilima mizabibu mapema, na Chinangali wilayani Chamwino. Mji uko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, mvua yake ni haba na hunyesha kwa msimu mmoja tu, na usiku wa katikati ya mwaka hupoa vya kutosha kuifanya zabibu ibaki na uchachu wake.

Jambo ambalo mnywaji wa Dodoma anapaswa kulijua kuliko mengine yote ni kwamba mzabibu wa hapa huvunwa mara mbili kwa mwaka. Kwa kuwa hakuna majira ya baridi kali ya kuulaza, mkulima huupogoa nao huchipua tena, ukatoa maua na vishada. Mavuno ya kwanza huja karibu na Februari na Machi, ya pili karibu na Agosti na Septemba. Zabibu za mwanzo wa mwaka hukomaa mvua ikiwa bado inanyesha, kwa hiyo ukungu huzisumbua na maji huipunguza ladha yake. Zile za kiangazi hukomaa chini ya jua lisilo na mawingu, ngozi yake ikiwa nzito na sukari yake ikiwa nyingi. Nimekunywa mvinyo wa msimu wote wawili kutoka kwa msindikaji mmoja mdogo, na tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba ningedhani umetoka mashamba mawili. Natamani kila chupa ya Dodoma iandikwe msimu wa mavuno yake pamoja na mwaka. Kwa sasa inabidi kumuuliza muuzaji, na muuzaji anayejua jibu ndiye wa kununua kwake.

Mvinyo unaouzwa zaidi mjini ni mtamu, na Dompo, ambao ni wa nguvu na unapendwa na watu wengi, umejulikana hadi nje ya mkoa. Siudharau utamu huo. Mezani, hata hivyo, mvinyo mkavu, yaani usio na utamu, ndio unaoionyesha Dodoma vizuri zaidi, na kwa nyama ya Msalato sina chaguo jingine. Mwekundu mkavu wa zabibu za Makutupora una rangi ya damu ya mzee inayofifia pembezoni, harufu ya matunda yaliyoiva sana, na ukakasi unaoshika fizi na pande za ulimi. Ukiunywa peke yake, ukakasi huo unaweza kukukera. Ukiunywa baada ya kutafuna ubavu wa mbuzi, mafuta yaliyotanda kinywani hukutana na ukakasi huo na kusafishwa, nyama ikaonekana laini zaidi na mvinyo ukaonekana mtamu zaidi bila hata chembe ya sukari kuongezwa. Tahadhari ni kwenye pilipili: ikizidi, kileo huwaka kinywani mara mbili, na hapo ndipo mvinyo wenye utamu kidogo unapokuwa na kazi.

Mweupe wa zabibu za Chenin Blanc, ambazo zimestahimili vizuri hali ya hewa ya hapa, ndio ninaouona umesahauliwa bila sababu. Uchachu wake ni wa kuamsha, nao huenda vizuri sana na chakula ambacho hoteli za Dodoma huona aibu kukiandika kwenye orodha yao: ugali wa uwele na mlenda. Wapo akina mama wanaoupika mlenda huo katika vibanda vya chakula karibu na soko la Majengo, wakitumia ilende, mboga ya majani ya porini, iliyokaushwa juani na kutwangwa, kisha kuungwa kwa karanga zilizosagwa. Ugali wa uwele una rangi ya kijivu na harufu ya nafaka iliyokaangwa kidogo. Ukimega tonge na kulivuta kwenye mlenda, utelezi huo huhitaji kitu chenye uchachu cha kuukata, kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na ndimu au maziwa ya mgando. Mvinyo mweupe uliopozwa vizuri huifanya kazi hiyo hiyo na kuongeza harufu yake ya tufaa. Nimewahi kuwaandalia wageni wa kwangu chakula hiki pamoja na mvinyo huo, na sahani zilirudi jikoni zikiwa tupu.

Sasa niseme kuhusu namna mvinyo unavyotunzwa na kuhudumiwa, kwa kuwa hapo ndipo kazi ya mkulima na ya kiwanda inapoharibiwa. Katika hoteli moja ya mjini, ambayo sitaitaja, niliagiza mvinyo mwekundu wa Dodoma nikaletewa chupa iliyokuwa imesimama rafuni juu ya jokofu, mahali ambapo joto la mashine huipiga mchana na usiku. Ulipomiminwa ulikuwa na rangi ya kahawia na harufu ya siki. Mhudumu, kijana mwenye adabu, alisema ndivyo mvinyo wa hapa ulivyo. Maneno hayo yaliniumiza kuliko ladha yenyewe, kwa sababu mgeni wa meza ya pili aliyasikia na kuagiza chupa ya nje. Joto ndilo lililouharibu mvinyo ule. Chupa inapaswa kulala mahali penye giza na ubaridi, na mwekundu, katika mji ambao alasiri zake hufikia nyuzi 30, uwekwe kwenye jokofu kwa nusu saa kabla ya kufunguliwa. Ushauri wa kuunywa kwa joto la chumba ulitolewa na watu wa nchi za baridi wakizungumzia vyumba vyao.

Kasoro nyingine huanzia kiwandani, hasa kwa wasindikaji wadogo. Wakulima wengi waliokosa mnunuzi wa zabibu hukamua na kuhifadhi mchuzi wa zabibu hadi soko lipatikane, na mchuzi unaochachuka ndani ya pipa la plastiki kwenye chumba chenye joto hupoteza harufu ya tunda na kupata ladha ya kitu kilichopikwa. Nimekutana na ladha hiyo kwenye chupa kadhaa, nyingi zikiwa zimeongezewa sukari ili kuifunika. Pale msindikaji alipopata namna ya kupoza mchuzi wake, tofauti huonekana tangu kizibo kinapotoka. Vifaa vya kupoza vya pamoja, vya ushirika, vingeufaa mkoa huu kuliko mabango yoyote ya matangazo.

Unaponunua, soma lebo. Sheria ya ushuru wa bidhaa hutofautisha mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za ndani na mwingine, kwa hiyo mzalishaji anayetumia zabibu zetu ana sababu ya kuliandika hilo waziwazi. Chagua chupa ambayo haijapigwa na jua dirishani, ambayo mvinyo wake umefika shingoni, na ambayo kizibo chake hakijasukumwa juu.

Msomaji asiyetumia kileo hakosi chake. Juisi ya zabibu isiyoongezewa maji, pale inapopatikana wakati wa mavuno, ina uchachu na ukakasi wa kutosha kuendana na mbavu, na juisi ya ubuyu iliyokorogwa nzito hufaa kwa mlenda kuliko soda yoyote.

Anayerudi Dar es Salaam na chupa zake azifunge kwenye nguo katikati ya begi, asiziache ndani ya gari lililoegeshwa juani, na akifika azilaze kwa siku chache kabla ya kuzifungua, maana mtikisiko wa safari huvuruga mashapo yaliyotulia chini. Zabibu mbichi za kwenye matenga zinunuliwe asubuhi ya safari yenyewe, kutoka kwa muuzaji aliyezifunika kwa majani.