Hanesi ya mikanda miwili ya tumbo kwa mbwa waliotolewa mashamba ya uzalishaji: inafaa, ila kipimo ndicho mtihani

Mbwa aliyezeeka kwenye kizimba cha shamba la kuzalisha watoto wa mbwa wa kuuza, akishtuka barabarani, hachomoki mbele. Anarudi kinyumenyume, anainamisha kichwa, na kola inamtoka kama pete kwenye kidole chenye sabuni. Hanesi, yaani mikanda ya kumvisha mbwa mwilini ambayo kamba hufungwa kwake, ikiwa ya kawaida yenye mkanda mmoja nyuma ya miguu ya mbele, nayo humvuka kichwani vilevile. Hanesi ya mikanda miwili, ambayo Web Master ya kampuni ya Ruffwear ni mfano wake unaojulikana, ina mkanda wa pili unaokaa kiunoni, nyuma ya mbavu. Mbwa akijivuta nyuma, mkanda unagota kwenye mbavu, ambazo ni pana kuliko kiuno. Hapo hapiti.

Kishikio cha mgongoni tulidhani ni pambo, kumbe kina kazi. Kanuni za wizara ya kilimo ya Marekani zinaridhika na kizimba chenye sakafu ya mraba ambayo kila upande ni urefu wa mbwa, pua hadi shina la mkia, pamoja na inchi 6 tu. Aliyeishi humo hajui ngazi ni nini. Kishikio kinamsaidia kupanda bila kubebwa kwa tumbo, jambo linalomtia hofu.

Sasa kipimo. Wengi hufika na manyoya yaliyosokotana, kwa hiyo wanyolewe kwanza. Pima shina la shingo, kifua nyuma tu ya kwapa, na kiuno nyuma ya ubavu wa mwisho. Kaza mpaka vidole viwili vipite vikiwa vimelala, kisha rudia kila wiki, kwa sababu wakianza kula vizuri miili hubadilika upesi. Jike aliyezaa mara nyingi ana chuchu zinazoning'inia na mkanda wa nyuma unazisugua: uviringishie kitambaa laini, usiusogeze juu ya mbavu, maana ukifanya hivyo umebaki na hanesi ya kawaida. Kama amefungwa kizazi juzi, mkanda huo usiguse mshono hadi daktari wa mifugo aridhike, kwa kawaida siku 10 hadi 14. Kwa muda huo haja aendee ndani ya ua uliofungwa.

Kuvalisha kusiharakishwe. Ilaze karibu na bakuli la chakula siku mbili tatu. Chagua yenye bizimu shingoni pia, kwa sababu mkono unaoshuka juu ya kichwa humkumbusha kukamatwa. Kaa ubavuni pake, usimkabili. Mlio wa bizimu huwatisha wengi; ifunge ndani ya kiganja, na kila mlio uambatane na kipande cha kuku wa kuchemsha. Mara ya kwanza dakika 5 zinatosha. Akiganda kama gogo usimvute. Ngoja, au vua ujaribu kesho.

Ndani ya nyumba mwache aburute kamba nyepesi ya mita 1.5 iliyokatwa kitanzi cha mwisho, kisinase kwenye miguu ya viti, na mtu awepo. Nje tumia kamba mbili, moja kwenye hanesi na nyingine kwenye kola inayojikaza kidogo. Kamba inayojikunja yenyewe isikaribie kabisa: ikiponyoka, kile kishikio cha plastiki kinamfuata kikigonga lami, naye anazidi kukimbia.

Kasoro zipo. Upana wa kitambaa unahifadhi joto, na manyoya yaliyolowa chini yake huleta vidonda kwapani, kwa hiyo ivuliwe usiku. Mbwa akiachwa peke yake anaweza kuutafuna mkanda ukakatika kwa dakika chache. Na kwa mbwa mnene asiye na kiuno, mkanda wa pili hauna pa kugota. Huyo hanesi yoyote anaweza kuivuka, ategemee kamba mbili na mlango wa pili uliofungwa kabla wa kwanza haujafunguliwa.