Fundi wa udi, Mji Mkongwe: kwa waliorithi udi wa babu

Udi wa marehemu, ile ala ya nyuzi ya taarab, uliokaa miaka juu ya kabati usifungwe nyuzi mpya kwa pupa. Fundi huyu wa kichochoroni hukataa katakata, na hapo ndipo anapostahili sifa. Kwanza hulegeza nyuzi zote, kisha hugongagonga uso wa udi kwa kidole huku ametega sikio. Pakilia kama kopo, ujue kipande cha ndani kimebanduka. Unyevu wa masika hulainisha gundi ya ngozi, na daraja, kile kijiti kilichogandishwa usoni kushika nyuzi, lenye kubeba mvuto wa nyuzi 11 (jozi 5 na uzi mmoja wa besi), mara nyingi ndilo linalong'oka mwanzo.

Kazi yake ya daraja ni safi. Hukwangua gundi kuukuu yote, hubandika, hukaza vibanio, na nyuzi hazifungwi mpaka kesho yake. Wenye haraka hununa, shauri yao. Vigingi vya kukazia nyuzi vinavyoteleza huvitia chaki. Vinavyokwama, sabuni kavu kidogo. Nyuzi za chuma za gitaa hazifungi abadan, kwani huvuta kuliko udi unavyostahimili.

Kasoro anazo. Nyuzi za udi humwishia mara kwa mara, bora uje na zako. Tena anapenda mno vanishi: mkataze mapema asiupake uso, vanishi nene huziba sauti. Na kama ndani, chini ya tundu, pana jina la babu kwa penseli, mwoneshe kabla hajashika msasa.