TAHADHARI: Mnada wa laivu unaotangaza "nauli moja" kwa wateja wa Mbeya, Iringa na Njombe

Kamwene Iringa na Njombe, mugonile Mbeya. Hii inawahusu hasa mnaonunua makoti, sweta na mablanketi ya mtumba kwenye minada ya laivu ya mtandaoni kutoka Dar. Baridi ikianza kuuma, wanadishaji wanajua kabisa kwamba watu wa Uyole, Makete na Mafinga lazima wanunue, na kuna mmoja anayetukamua kupitia nauli ya mzigo. Bei ya nguo kwake ni chambo tu.

Mchezo uko hivi. Anaingia laivu usiku, anainua koti, dau linaanzia 1,000. Kila baada ya dakika chache anarudia: "Wa mikoani msiogope, chukua hata vipande kumi, nauli ni moja, tunaunganisha." Hapo watu wanapanda dau kama wamelogwa. Na wana sababu, maana hesabu ya mnunuzi wa huku siku zote ni nauli. Koti la 7,000 halina faida likisafiri peke yake kutoka Kariakoo, lakini makoti matano ndani ya kiroba kimoja yanalipa.

Ukishinda anataka ulipie usiku uleule, kipande kimoja kimoja, kila kipande na muamala wake. Hilo peke yake si kosa, hata wanadishaji waaminifu hufanya hivyo kwa sababu kuna wanunuzi wanaoshinda dau halafu wanazima simu. Nguo zinakaa "kapuni" mpaka mwisho wa wiki. Ukishamaliza kulipia zote ndipo bili ya nauli inakuja, na imehesabiwa kwa kila kipande.

Vyangu vilikuwa vipande vitano, jumla 38,000. Nauli niliyoandikiwa: 45,000, yaani 9,000 mara tano. Nilipomkumbusha maneno yake akajibu, "Dada angu, kuunganisha ni kwa vitu vya belo moja, vyako vimetoka mabelo tofauti." Basi la mkoani linajua belo, yaani nguo ilitoka furushi gani la mtumba? Halafu likafuata la pili: usipolipa hadi kesho kutwa jioni nguo zinarudi mnadani, na hela hairudi.

Nililipa ili mzigo utoke, kwa sababu mzigo ukitoka unakuja na karatasi ambayo yeye hawezi kuifuta. Stendi ya Nane Nane nilikabidhiwa kiroba kimoja na risiti moja ya basi. Imeandikwa 12,000.

Sasa tumpe haki yake. Mtu anayesema "nirudishie yote inayozidi 12,000" anajidanganya, na ndiyo maana wengi wanashindwa mabishano haya. Kutoka Kariakoo hadi stendi ya Mbezi si karibu, bodaboda analipwa. Kiroba kinanunuliwa. Nikampigia hesabu ya 8,000 ya boda na 1,000 ya kiroba, jumla na ya basi 21,000. Kwa hiyo nilidai 24,000 tu, si zaidi. Nilimwandikia ujumbe mmoja, bila matusi na bila kumlaani: hesabu yote, picha ya risiti, kipande cha video ya laivu anaposema "nauli ni moja", namba ya kurudishia na siku ya mwisho. Kipande cha video alikuwa nacho dada mmoja wa Tunduma, ambaye hurekodi skrini kila anaponunua. Huyo ndiye mwalimu wetu sote.

Akaanza na "we dada una njaa". Kisha akaleta stori ya mafuta kupanda. Nilipomjibu kwa kurudia hesabu ileile, neno kwa neno, akatuma 15,000 na kunifungia. Ndiyo hali ilipo: 9,000 yangu bado anayo. Mama mmoja wa Makambako alilipishwa nauli ya vipande vinane na hajarudishiwa hata mia, kwa sababu ahadi ya nauli moja aliisikia kwa masikio tu, na risiti ya basi aliitupa palepale stendi.

Ukiangalia vizuri, ugomvi huu unaamuliwa kabla hujalipia hata kipande cha kwanza. Kwenye minada mikubwa ya nje kama eBay, mnunuzi wa vitu vingi kwa muuzaji mmoja anashauriwa aombe kwanza bili moja yenye nauli iliyounganishwa, ndipo alipe. Ukilipa kimoja kimoja, kinachobaki ni kumbembeleza muuzaji arudishe ziada. Huku kwetu hakuna kitufe cha kuomba bili, lakini kuna meseji. Muulize kwa maandishi, si kwa simu wala kwenye maoni ya laivu yanayopotea: "Vipande vitano vya nguo, kiroba kimoja, hadi Mbeya, nauli yote na boda ni shilingi ngapi?" Muuzaji wa kweli atakutajia kiasi, au atakwambia inategemea ukubwa wa mzigo na atakuonyesha risiti. Huyu ninayemsema hujibu kwa sauti tu, tena kwa kuzungukazunguka: "usijali boss wangu, tutaongea vizuri." Mkimsikia hivyo, ondokeni.

Polisi msitarajie makubwa kwa jambo la namna hii. Mzigo umefika, kwa hiyo mtaambiwa ni madai, si jinai. Mahali pake ni Tume ya Ushindani, FCC, maana Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na kutangaza nauli moja kisha kutoza tano ni kupotosha kweupe. Ikiwa umelipa na mzigo haukutumwa kabisa, huo sasa ni utapeli: nenda polisi na miamala yako, na zile meseji za kitapeli zitume 15040, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA.

Jina la ukurasa silitaji, na hata nikilitaja halitawasaidia, kwa sababu tangu tuanze kumdai amebadilisha jina na picha. Mtamjua kwa mwenendo: "nauli moja" inayorudiwa kila dakika, sharti la "belo moja" ambalo halitajwi laivu hata mara moja, na lipa namba yenye jina lisilofanana na la ukurasa. Sasa hivi amehamia kwenye mablanketi mazito, ambayo ndiyo yenye nauli kubwa zaidi.

Tunakusanya ushahidi ili malalamiko yaende FCC kwa pamoja. Kama una risiti ya basi ya mzigo kutoka kwake, iwe ulipokelea Igumbilo, Makambako, Nane Nane au Tunduma, nitumie picha yake pamoja na muamala wa nauli aliyokutoza. Ziba kwanza namba yako ya simu.