Mkono wa mama na dole la bima

Nianze na yule dada wa dirisha la bima hospitalini, maana ndiye aliyenipandisha presha.

Mama alipata kiharusi kabla ya mfungo. Upande wa kulia ukalala, ulimi ukawa mzito, mkono ukajikunja ngumi kama mtu aliyeficha sarafu. Daktari wa hospitali yetu ya wilaya akatuandikia tiba kwa vitendo. Wengi wanadhani ni fiziotherapia ileile. Fiziotherapia wanahangaika zaidi usimame utembee; hawa wanataka ujue utaoga vipi, utavaa vipi, utakula vipi na mkono ulionao.

Sasa bima inataka alama ya kidole, na kilichosajiliwa ni dole gumba la kulia. Nikamweleza dada, huo ndio mkono mgonjwa, ndio tuliouleta. Macho hayakutoka kwenye simu. "Bibi, fungua mkono basi, foleni ndefu." Kisha akapenyeza mkono wake dirishani, akashika vidole vya mama akawa anavivuta kimoja kimoja. Mama alilia. Mama yangu huyu, ambaye siku tunamzika baba hakutoa chozi mbele za watu! Mashine ikakataa mara 3, dada akasonya. Alimsonyea nani, sijui mpaka leo. Hospitali ya hovyo kabisa, nikamwambia mama twende zetu. Akatikisa kichwa, hataki.

Ndani tulimkuta kijana mmoja, ndiye wa hiyo tiba kwa vitendo, kwenye chumba nusu stoo, maboksi hadi dirishani. Akavuta stuli akakaa chini ya usawa wa mama. "Shikamoo mama. Naomba mkono wako." Vidole hakuvigusa. Alikunja kwanza kifundo cha mkono kuelekea ndani, taratibu, akashika shina la dole gumba, na vidole vikalegea vyenyewe. Kiganjani kucha zimechimba, na harufu ikatoka. Nilikuwa naosha juu juu, naogopa kumuumiza. Niliona aibu jamani.

Akaosha kwa maji ya uvuguvugu, akakausha katikati ya vidole. Halafu akanionyesha gauni: mkono mgonjwa unatangulia kuingia, na wakati wa kuvua unatoka wa mwisho. Wiki zote hizo nilikuwa namvalisha kinyume, mama anapiga kelele, namwambia avumilie. Kumbe mimi na yule dada hatukupishana sana, ila mimi sina kiti cha kuzunguka.

Vifaa vyake ni vibanio vya nguo, sinia la maharage, na kijiko chenye mpini uliozungushiwa sponji ili ushikike. Kijiko hicho nimekiiga nyumbani. Ugali bado, lakini uji mama anajipelekea mwenyewe, nusu mdomoni nusu kwenye kanga.

Kwa hiyo nendeni? Ndiyo. Ingawa tarehe ya kurudi tumepewa baada ya wiki 3, wakati mkono wa hivi unataka kushughulikiwa kila siku. Kijana yuko peke yake, kaniambia mwenyewe, na kaniomba radhi yeye, asiye na kosa. Hapana, kwa kweli wanatuchezea. Lakini nendeni, huyo kijana mtamkosa kwingine.

Nimeuliza kama tunaweza kusajili dole la kushoto. Yule dada kasema inawezekana, niende ofisi za bima mkoani. Na mama awepo.