Simba na dawa ya mswaki: uzoefu wangu na kliniki ya mifugo

Jumamosi jioni, Tabata. Narudi kutoka dukani, nakuta tyubu ya dawa ya mswaki katikati ya sebule, imetobolewa matundu ya meno, imekamuliwa kuliko tunavyoikamua sisi mwisho wa mwezi. Kifuniko hakipo. Simba, mbwa wetu wa kilo 9, ananukia mnanaa.

Jirani akaja na maziwa. Shemeji akakoroga maji ya chumvi, eti atapike. Nikapiga simu kliniki, na hapo ndipo walipopata nyota zao: daktari hakuanza na bei wala "mlete tu". Alisema, "Dada, geuza tyubu unisomee maandishi ya nyuma." Floraidi. Halafu neno linaloanza na X: xylitol, kitu cha kutia utamu badala ya sukari. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza anasimamaje.

Anasimama kama mlevi, miguu ya nyuma inapishana.

Chumvi aliikataza kabisa, kwamba yenyewe ni sumu kwa mbwa. Na mbwa aliyelegea hatapishwi, matapishi yataingia mapafuni. "Mpake asali kwenye ufizi, njoo sasa hivi."

Bajaji ya kwanza iliona mbwa ikaondoka. Ya pili ilikubali kwa elfu 15, na nitandike khanga. Mandela, foleni ya Ubungo, Sam Nujoma. Vidole vinanata asali mpaka kwenye simu.

Walimchoma ukingoni mwa sikio, tone la damu likawekwa kwenye kipimo cha sukari kama cha bibi yangu: 2.7. Mbwa mzima huwa nne na kitu hadi sita. Daktari alieleza huku anatafuta mshipa: utamu ule kwa binadamu hauna neno, ila kongosho la mbwa hudhani ni sukari, linamwaga insulini, na sukari ya damu inaporomoka. Kwa uzito wa Simba, gramu moja tu ya xylitol inatosha. Akalazwa na dripu ya glukosi, anapimwa usiku kucha. Kisha kipimo cha ini, maana ini linaweza kuharibika siku moja mbili baadaye, mbwa anaonekana mzima.

Nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya bili: hela ya kipimo cha ini niliambiwa nikiwa mlangoni natoka, mbwa begani.

Kifuniko tulikiona Jumatatu asubuhi, uani. Kilikuwa kimepita njia yake.